Kompyuta Inapomshinda Mtumiaji, Kosa ni la Nani?

Jembe likiwa na mpini mfupi mno, mgongo wa mkulima huuma. Hakuna anayesema kwamba mkulima huyo hajui kulima. Jembe hutiwa mpini mwingine, na kazi huendelea. Lakini mwanafunzi akiketi mbele ya kompyuta, akaitafuta kazi aliyoiandika jana asiione, yeye mwenyewe huwa wa kwanza kujilaumu. Husema kwamba hana akili ya kompyuta, na aghalabu walio karibu naye humwafiki. Ni nadra mtu kuuliza kama chombo chenyewe kilichongwa vibaya.

Swali hilo ndilo msingi wa taaluma inayochunguza uwepesi wa matumizi, yaani kadiri mtu anavyoweza kukitumia chombo kuitimiza kazi aliyoikusudia bila kupoteza muda, bila kukosea mara kwa mara, na bila kukata tamaa. Makala haya yanalieleza swali hilo kwa mfano wa eneokazi la kompyuta. Eneokazi ni ile sura inayojitokeza kwenye skrini mashine inapowashwa: picha ndogondogo, menyu, madirisha na kishale kinachoongozwa na kipanya. Mkazo utakuwa juu ya maeneokazi ya programu huria, ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa kwa wengine.

Mahali pa kulipimia swali hilo ni Old Moshi, kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro. Mwanafunzi wa huko huenda akazungumza Kichagga nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakutana na masomo ya Kiingereza kidato cha kwanza. Akiipata kompyuta shuleni, yaelekea ataitumia kwa zamu na wenzake, kwa dakika chache, huku umeme ukiweza kukatika wakati wowote. Eneokazi linalomfaa mtu huyo litamfaa pia mtu aliye katika hali nyepesi zaidi. Kinyume chake si kweli.

MEZA YA OFISI NDANI YA SKRINI

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mhandisi Mmarekani Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wenzake kifaa kidogo chenye magurudumu, kilichosogeza alama kwenye skrini. Hicho ndicho kipanya. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa kompyuta iitwayo Star, iliyochora kwenye skrini vitu vya ofisini: karatasi, makabrasha, na trei za barua zinazoingia na zinazotoka. Mwaka 1984 Macintosh ya kampuni ya Apple iliueneza mtindo huo kwa watu wengi zaidi. Tangu hapo kompyuta nyingi za mezani zimefuata mfano wa meza ya karani.

Mfano huo ulikuwa na busara yake. Karani wa Marekani aliijua meza yake tangu zamani, kwa hiyo alihitaji kujifunza machache tu. Lakini mtoto aliyekulia kihambani, miongoni mwa migomba na kahawa, huenda hajawahi kuliona kabati la mafaili. Je, inapasa kuziondoa picha za makabrasha na kuweka picha za vikapu na ghala? Sivyo. Mwanafunzi huizoea picha yoyote upesi, mradi picha hiyo itende jambo lilelile kila mara. Asichoweza kukizoea kwa urahisi ni mfano unaoahidi jambo moja na kutenda jingine.

Mathalan, mtu akiandika insha kwenye karatasi halisi, maneno yake hubaki pale hata taa ikizimika. Mtu akiandika kwenye karatasi ya skrini, maneno huonekana wazi mbele yake, na kwa hakika ana kila sababu ya kuamini kwamba yamekwisha tunzwa. Kumbe yamo tu katika kumbukumbu ya muda, ambayo hupotea umeme ukikatika. Ndipo mwalimu hulazimika kurudia kila kipindi: "Hifadhi kazi yako!" Yafaa kulitazama onyo hilo kwa makini. Ni onyo la lazima, lakini lipo kwa sababu chombo kinamdanganya mtumiaji. Programu inayojihifadhia kazi yenyewe kila baada ya muda mfupi huliondoa kosa kwenye mzizi wake, na mwalimu akabaki na nafasi ya kufundisha mambo mengine.

MJI ULIOHAMA

Jina la Old Moshi lenyewe lina somo kuhusu mabadiliko. Zamani za utawala wa Wajerumani, Moshi ilikuwa juu mlimani. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika kwenye tambarare ya chini, na mji mpya ukakua kuizunguka stesheni. Mahali pa awali pakabaki na jina la Moshi ya kale. Waliouhamisha mji walikuwa na hoja: garimoshi halipandi mteremko kama ule. Lakini kwa aliyekuwa amezoea kumaliza shughuli zake karibu na nyumbani, njia zote zilibadilika.

Jambo linalofanana na hilo limetokea katika historia ya maeneokazi huria. Mradi wa KDE ulianza mwaka 1996, na mradi wa GNOME mwaka 1997. Mwanzoni maeneokazi hayo yalitengenezwa na waandishi wa programu kwa ajili ya waandishi wa programu wenzao, nayo yalijaa vitufe na machaguo yasiyo na idadi. Mwaka 2001 kampuni ya Sun Microsystems iliwaita watu wachache, ikawapa kazi za kawaida za kufanya katika GNOME, ikatazama wanavyohangaika. Ilidhihirika kwamba maneno ya kitaalamu na majina ya ajabu ya programu yaliwakwamisha watu ambao katika kazi zao walikuwa hodari kabisa. Mwaka 2002 mradi huo ulitoa mwongozo wa usanifu na toleo la 2, lililopunguza machaguo na kupanga menyu kwa utaratibu. Watu wengi walilizoea na kulipenda.

Kisha mwezi wa Aprili 2011 likatoka toleo la 3, na mji ukahama. Orodha ya madirisha iliyokuwa chini ya skrini iliondolewa. Menyu ya programu ilitoweka, na mahali pake pakawekwa ukurasa mmoja wa kuonyesha madirisha na programu zote. Hata kitufe cha kulishusha dirisha hakikuwekwa. Wasanifu walikuwa na hoja zao: walitaka kumpunguzia mtumiaji mambo ya kumtawanya mawazo, na kuweka kila kitu mahali pamoja. Hata hivyo malalamiko yalikuwa makubwa. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, alilikataa hadharani akahamia kwa muda eneokazi jepesi la Xfce. Mwaka uo huo wengine waliichukua programu ya toleo la 2 wakaiendeleza kwa jina la MATE. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu mtu yeyote ana ruhusa ya kuirekebisha programu huria na kuigawa.

Kosa moja la toleo hilo lastahili kukumbukwa na kila mwalimu wa kompyuta. Kwenye mashine inayoweza kulazwa usingizi, menyu ilionyesha amri ya kuilaza tu. Amri ya kuizima ilijitokeza pale mtu alipokibonyeza kitufe cha Alt huku menyu ikiwa wazi. Hapakuwa na alama yoyote ya kumjulisha. Wasanifu waliona kwamba kuilaza kompyuta kunatosha, na kwa mtu mwenye mashine yake mwenyewe, penye umeme wa uhakika, huenda kunatosha kweli. Lakini katika chumba cha shule kinachofungwa saa kumi jioni na swichi kuu ikazimwa, mwanafunzi asiyeiona amri ya kuzima atang'oa waya ukutani. Hapo mafaili huweza kuharibika, na lawama itamwangukia mtoto. Amri hiyo ilirudishwa wazi katika toleo la 3.6 la mwaka 2012, baada ya watumiaji kulalamika.

Kadhalika, toleo la 3 lilihitaji kompyuta yenye uwezo mkubwa wa kuchora picha. Mashine dhaifu zilipewa sura mbadala iliyofanana na ya zamani, lakini sura hiyo nayo iliondolewa mwaka 2013. Mfumo wa Ubuntu, ulioanza mwaka 2004, ulileta eneokazi lake liitwalo Unity kwa watumiaji wote wa kompyuta za mezani mwaka 2011, kisha mwaka 2017 ukaliacha na kurudia GNOME. Kila uhamisho wa namna hiyo huzeesha vitabu vya mazoezi, michoro ya ubaoni na ujuzi wa mwalimu. Haifuati kwamba mabadiliko ni mabaya. Yafuata tu kwamba mabadiliko yana gharama, na kwamba anayeyaamua na anayeyalipia mara nyingi si mtu mmoja.

KIPIMO CHA UMBALI NA UKUBWA

Usanifu wa eneokazi si suala la ladha peke yake. Baadhi ya mambo yake hupimika. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani Paul Fitts aliwapa watu kalamu ya chuma wagonge vibao viwili kwa zamu, akapima muda. Aligundua kwamba muda wa kuifikia shabaha hutegemea umbali wake na upana wake, kwa kanuni hii:

M = a + b log₂ (2U/P)

Hapa M ni muda, U ni umbali, P ni upana wa shabaha, nazo a na b ni tarakimu zinazopatikana kwa majaribio. Mwanafunzi aliyekwisha jifunza logi anaweza kuihakiki. Kitufe kikiwa na upana wa sentimeta 1, na kishale kikiwa umbali wa sentimeta 16, basi 2U/P ni 32, na logi yake katika kizio cha 2 ni 5. Kitufe kikipanuliwa kuwa sentimeta 2, jibu hushuka kuwa 4. Kitufe kikibaki na sentimeta 1 lakini kikasogezwa hadi umbali wa sentimeta 8, jibu ni 4 vilevile. Kwa hiyo kukiongeza kitufe upana maradufu kuna faida sawa na kuupunguza umbali nusu.

Kanuni hiyo hueleza pia kwa nini pembe za skrini zina thamani kubwa. Kishale hakiwezi kupita ukingo. Mtu akikisukuma kwa nguvu hadi pembeni, kitasimama hapo hapo, kana kwamba shabaha ni pana mno. GNOME 3 iliutumia ukweli huo: kukipeleka kishale kwenye pembe ya juu kushoto kulifungua ukurasa wa programu zote. Kwa aliyezoea, ni njia ya haraka sana. Kwa asiyejua, ambaye mkono wake haujatulia kwenye kipanya, madirisha yote husinyaa ghafla naye hudhani ameiharibu mashine. Jambo lilelile ni jema kwa mmoja na tishio kwa mwingine. Kwa sababu hiyo kipimo cha muda hakitoshi. Hapana budi kuwepo njia nyepesi ya kurudi nyuma. Mtu anayejua kwamba kila kosa linatendulika hujifunza kwa ujasiri.

LUGHA NA NGELI

Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioshirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice: programu huria za kuandika na kupiga hesabu za majedwali, zenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba lugha ya Kiswahili inaweza kukaa kwenye skrini. Ilionyesha pia kwamba kutafsiri eneokazi si kubadilisha maneno tu.

Chukua neno "futa". Katika Kiswahili cha kila siku mtu hufuta ubao, na pia hufuta safari, yaani huivunja kabisa. Ikiwa mfasiri atatumia "futa" kwa maana zote mbili, mwanafunzi ataulizwa kama anataka kuifuta picha yake, na chini ataona vitufe viwili vyote vikisema "Futa": kimoja cha kuiangamiza picha, kingine cha kuacha jambo hilo. Ndiyo sababu baadhi ya wafasiri wamechagua "ghairi" kwa maana ya pili. Neno "hifadhi" lilikuwa chaguo jema. Anayeishi chini ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973, hahitaji kuelezwa kwamba kuhifadhi ni kukilinda kitu kisipotee.

Tatizo gumu zaidi ni ngeli. Programu nyingi huunda taarifa zake kwa kuunganisha vipande: jina la kitu, idadi, kisha kitendo. Kwa Kiingereza kitendo kimoja huweza kuvitosha vitu vyote. Kwa Kiswahili, picha zimefutwa, mafaili yamefutwa, vitabu vimefutwa, na michoro imefutwa. Zana za kutafsiria programu, kama gettext, huweza kutofautisha umoja na wingi, lakini hazijui upatanisho wa ngeli. Matokeo yake ni sentensi kama "picha 3 yamefutwa", ambayo hueleweka, lakini humfanya msomaji ahisi kwamba chombo hiki hakikutengenezwa kwa ajili yake.

Mbinu moja ni kuandika sentensi kamili kwa kila aina ya kitu. Mbinu nyingine, iliyo nyepesi, ni kukifanya kitendo kipatane na mtumiaji badala ya kitu: "Umefuta picha 3", "Umefuta mafaili 3", "Umefuta michoro 3". Sentensi zote ni sahihi, na mwandishi wa programu hahitaji kubadilisha chochote. Huu ni ugunduzi mdogo ambao mwanafunzi yeyote anayeijua sarufi yake angeweza kuufikia, na ambao mhandisi asiyejua Kiswahili hawezi kuufikia hata awe bingwa wa namna gani.

JARIBIO LA WATU WATANO

Je, kasoro za eneokazi hugunduliwaje? Si kwa kuwauliza watu kama wanalipenda, kwa maana wengi hujibu kwa adabu. Hugunduliwa kwa kuwatazama wakifanya kazi. Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwamba idadi ya watu wanaohitajika ni ndogo. Ikiwa kila mtu hufichua sehemu k ya kasoro zote, basi watu n watafichua sehemu hii:

1 − (1 − k)ⁿ

Katika miradi waliyoichunguza, wastani wa k ulikuwa 0.31. Kwa kadirio hilo mtu mmoja hufichua asilimia 31, watu watatu asilimia 67, na watu watano asilimia 84. Wastani huo si sheria ya maumbile, kwani hubadilika kulingana na chombo na kazi. Lakini unatosha kuonyesha kwamba shule yoyote yenye kompyuta moja inaweza kufanya uchunguzi wa maana.

Utaratibu ni huu. Wachaguliwe wanafunzi watano ambao hawajalitumia eneokazi linalopimwa. Kila mmoja aingie peke yake, apewe kazi hizi kwa maandishi: kuifungua programu ya kuandikia, kuandika majina ya mifereji mitatu ya kijijini, kuihifadhi kazi katika kabrasha lenye jina la kidato, kulifunga dirisha na kuipata tena kazi hiyo, kisha kuizima kompyuta. Aombwe kusema kwa sauti anachofikiri. Mtazamaji akae nyuma yake, aandike mahali anapokwama na muda anaokwama, asimsaidie wala kutikisa kichwa. Kabla ya kuanza aambiwe waziwazi kwamba yeye hatahiniwi. Inayotahiniwa ni kompyuta.

Sentensi hiyo ya mwisho ni nyepesi kuitamka, lakini kuiamini ni vigumu, hata kwa mwalimu. Shuleni mwanafunzi amezoea kwamba akikwama, upungufu ni wake. Hapa kila anapokwama amegundua jambo. Wakikwama wanne kati ya watano mahali pamoja, hakuna haja ya kuendelea kuijadili akili ya wanafunzi.

KUPELEKA HABARI JUU YA MFEREJI

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro wazee walichimba mifereji ya kumwagilia, iitwayo mifongo, inayoleta maji kutoka mitoni hadi vihambani. Mfongo una watumiaji wake, nao hukutana kuusafisha na kuuziba unapovuja. Aliye mwisho wa mfereji ndiye wa kwanza kujua kwamba maji yamepungua. Akinyamaza, walio juu hawatajua, kwa maana kwao maji yangali yakitiririka.

Programu huria hutunzwa kwa namna hiyo. Miradi kama GNOME na KDE ina mahali pa kupokelea taarifa za kasoro, na yeyote anaruhusiwa kupeleka. Ni kweli kwamba kwa kawaida taarifa hizo huandikwa kwa Kiingereza, na kwamba si kila taarifa hujibiwa. Taarifa inayosema tu kwamba programu ni mbaya haimsaidii mtu. Inayosema kwamba wanafunzi wanne kati ya watano walitafuta amri ya kuzima kwa zaidi ya dakika mbili, walibonyeza wapi, na walitarajia kuona nini, humpa msanifu kitu cha kurekebisha. Taarifa ya namna hiyo yaweza kuandikwa na kidato cha tatu kama zoezi la pamoja la Kiingereza na kompyuta, na tafsiri za Kiswahili zilizo na makosa ya ngeli zaweza kusahihishwa na darasa la Kiswahili.

Msanifu aliye mbali anapochora menyu mpya hamwoni mwanafunzi wa Old Moshi akisubiri zamu yake huku saa ya kufunga chumba ikikaribia. Hawezi kumwona, mpaka mtu aliyekuwa chumbani amweleze kilichotokea.